Eda ya Bahari

Waliokuwapo wanasema, na wasiokuwapo wanabisha, kwamba ipo nchi moja iliyojaliwa kila kitu ila aibu. Jina lake halitajwi hapa, si kwa hofu, la hasha. Ni kwa sababu kamati ya kulibadilisha bado imo kikaoni, na wajumbe wameagiza chai nyingine.

Nchi hiyo ina bahari upande mmoja na mji mkuu upande wa pili, na waasisi walihakikisha viwili hivyo havionani. Mji mkuu uko juu milimani, kwenye baridi, mahali ambapo maji hutoka bombani siku za sikukuu za kitaifa. Huko ndiko iliko Wizara ya Bahari. Waziri wake, Mheshimiwa Dakta Balthazari Kilungule, alikuwa hajawahi kuiona bahari tangu azaliwe, jambo ambalo magazeti yalilisifu sana kwa kuwa lilimwepusha na upendeleo.

Chini kabisa, barabara inapokata tamaa, kipo kijiji kinachoitwa Fumbweni. Mbele ya nyumba zake ilisimama mikoko, minene, imeshikana mizizi kama watu wanaovuka mto kwa kushikana mikono. Mbele ya mikoko kulikuwa na uwanda wa nyasi za bahari, ambamo samaki, changu na tasi, walizaa na kulea. Na mbele ya nyasi ulikuwapo mwamba wenye mashimo, na kila shimo lilikuwa na mwenyewe, pweza mmoja mwenye hasira. Maji yakipwa sana, wanawake wa Fumbweni walishuka na vijiti na vikapu, wakachokoa pweza, wakaokota kombe na chaza. Yakijaa, walirudi kupika. Hakuna aliyewahi kuuliza hayo yote yana thamani gani, kama vile mtu asivyouliza thamani ya mgongo wake mpaka siku unapomuuma.

Basi Wizara ikauliza. Ilimtuma Afisa Mwandamizi Anselimi Kabonde ateremke Fumbweni kutathmini thamani ya makazi ya viumbe vya pwani kwa jamii husika. Bwana Anselimi alifika saa nne asubuhi, amevaa koti la baridi, akakuta jamii husika imekaa barazani kwa Mize binti Vuai, inasuka ukili.

Mize alikuwa mjane wa miaka mingi. Mumewe Shaame alimwachia mabinti watatu na chungu kimoja, na tangu hapo bahari ndiyo iliyokijaza. Si mwanamke wa maneno mengi. Maneno mengi alimwachia jirani yake Nunu, ambaye ulimi wake ulishamponza utotoni, ukamponza ujanani, na bado hakuwa amejifunza.

"Shikamooni, kina mama."

"Marahaba, baba. Karibu kitako."

"Mbona leo hamko baharini? Wizara imearifiwa kuwa ninyi hushinda baharini."

"Leo maji mafu," alisema Mize, bila kuinua macho kutoka kwenye ukili.

Kalamu ya Bwana Anselimi ikasimama. "Mafu?"

"Mafu."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi hivi."

Bwana Anselimi akavua kofia. "Poleni sana."

Hapo ndipo Nunu alipoona mlango uko wazi. "Tushapoa, baba. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Alikuwa akiumwa?"

"Aah! Alikuwa akienda akirudi, akienda akirudi, usiku na mchana. Mwisho akachoka."

"Na ninyi mlikuwa na uhusiano gani na marehemu?"

"Ndiye mume wetu huyo. Katulisha, katuvisha, katusomeshea watoto."

"Mume wenu... nyote?"

"Sote! Na hata siku moja hatujamwonea wivu."

Wanawake wakajifunika nyuso kwa kanga, mabega yakawatetemeka kwa kicheko. Bwana Anselimi aliyaona mabega, akaandika kuwa wafiwa walilia kwa uchungu mkubwa.

"Nunu, muache mtoto wa watu," alisema Mize. "Mwanangu, usimsikilize huyu. Maji mafu ni zile siku bahari haiji sana wala haiendi sana. Haipwi tukauona mwamba, ndiyo maana tumekaa. Inapumzika tu."

"Kama afisa aliyeko kazini," aliongeza Nunu.

Lakini Bwana Anselimi alikuwa tayari ameinua mkono wa upole. Chuoni walimfundisha kuwa mfiwa hukataa kuukubali msiba, na kwamba asibishiwe. "Usijilazimishe kuongea, mama," alisema, akaondoka kinyumenyume hadi kwenye gari, kofia kifuani.

Mize alimtazama mpaka vumbi likatulia. "Nunu," alisema, "umefanya nini?"

"Si mzaha tu? Hata mtoto mdogo anajua maji mafu."

"Mtoto wa hapa," alisema Mize.

*

Wiki hiyohiyo redio ya taifa ikakatiza kipindi cha mapishi, ikapiga muziki wa maombolezo, na msemaji akatangaza kwa sauti iliyolowa kwamba bahari ya nchi hiyo haipo tena duniani. Bendera zikashushwa nusu mlingoti. Kwa kuwa Wizara ya Bahari haikuwa na mlingoti, walisimamisha mmoja kwanza.

Fumbweni hawakuwa na habari. Siku ile bahari ilikuwa imeshaanza kuchangamka, na wanawake walikuwa mwambani tangu alfajiri. Walirudi na vikapu vizito wakakuta turubai, viti, na Mheshimiwa Waziri mwenyewe amevaa suti nyeusi, nyuma yake bahari nzima ikimeremeta.

"Ndugu wafiwa," alisema Mheshimiwa, "serikali yenu imepokea kifo hiki kwa mshtuko wa kiwango cha kimataifa. Marehemu alikuwa mpana. Marehemu alikuwa na kina. Marehemu hakuwa na makuu, alikaa chini, chini kabisa, usawa wa bahari."

Wasaidizi wakapiga makofi, kisha wakakumbuka ni msiba, wakaguna.

Mize aliweka kikapu chini. Mkono mmoja wa pweza ulikuwa unapanda ukingoni, ukitafuta njia. "Mheshimiwa," alisema, "kwa heshima zote, kumetokea kosa la neno. Maji hayajafa. Maji mafu ni jina tu la siku zake. Hebu geuka uangalie nyuma yako."

Mheshimiwa akageuka. Aliitazama bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake, kuanzia kushoto hadi kulia, bila haraka.

"Naiona," alisema. "Lakini mama, maiti huwa ipo. Kuwepo si uhai."

"Inacheza, Mheshimiwa! Ona mawimbi."

"Ni upepo unaoisukuma. Hata shati langu likianikwa hucheza."

"Na huyu pweza? Katoka humo asubuhi hii, yu hai."

Mheshimiwa akamtazama pweza kwa masikitiko. "Yatima," alisema.

Katibu wa Wizara, mwanamke mwembamba mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kukataa, akamsogelea Mize sikioni. "Mama, tukuelewe. Taarifa ya kifo imetolewa na wewe mwenyewe. Imeshapokewa, imegongwa mihuri, imesomwa redioni, na marais wa nchi jirani wametuma salamu za pole. Sasa unataka serikali iwaambie kina nani kwamba hakuna maiti?"

Mize akamrudisha pweza kikapuni. Ni vigumu kumjibu mtu ambaye hajakosea popote isipokuwa mwanzoni.

*

Serikali ile haikuwa na ubaya wa moyo, na mtu asiseme hivyo. Iliheshimu mila. Iliunda jopo la kuchunguza mila za Fumbweni zinamtaka mwanamke afanye nini anapofiwa na mumewe, na jopo likarudi na jibu moja: eda. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, hajipambi, hatembei pwani.

Na kwa kuwa wanawake wote wa Fumbweni, kwa ushahidi wa Nunu, walikuwa wake wa marehemu, wote wakawekwa eda. Kila mlango ukapata askari. Hata mabikizee wenye waume zao hai wakafungiwa ndani, na waume hao wakaachwa nje, kwani jopo liliona haifai mjane kuchanganyika na wanaume kabla eda haijaisha.

Mize alikuwa ameshakaa eda moja maishani mwake, ya Shaame. Aliikaa kwa hiari na kwa machozi, na kila asubuhi ya eda ile aliusikia mwamba ukiungurumiwa na mawimbi, akajua siku itafika atashuka tena. Hii ya pili aliikaa akimsikia marehemu anakohoa nje.

Mlinzi wake alikuwa Sajini Malibiche, mtu wa bara, ambaye alibakiza mwaka mmoja astaafu na alitaka uishe bila jambo lolote. Alikaa kizingitini na bunduki mapajani, akichambua mchele wa Mize kwa kukosa kazi.

"Sajini," alisema Mize siku moja, "niruhusu niteremke mara moja tu. Hizi siku za bamvua bahari inakwenda sana na kuja sana, mwamba uko wazi mpaka mbali. Watoto hawajaonja kitoweo."

"Mama yangu, ningekuruhusu. Lakini nimeagizwa nilinde huzuni yako. Huzuni ikitoka nje, mimi nafukuzwa kazi."

"Na kama sina huzuni?"

Sajini akafikiri. "Basi nalinda nini?" alisema, na kwa kuwa swali lile lilikuwa na njia ya kumkosesha pensheni, hakulirudia.

*

Mtu akifa huacha mirathi, na mirathi hutaka warithi. Tangazo likatoka gazetini: mwenye udugu wa damu na bahari ajitokeze.

Alijitokeza Bwana Krizostomu, mmiliki wa bwawa la kuogelea kubwa kuliko yote katika mji mkuu, ambaye pia, kwa bahati tu, alikuwa shemeji wa Waziri. Alidai bwawa lake ni mdogo wa marehemu. Wataalamu wakaleta bilauri mbili, moja ya maji ya bwawa, moja ya maji ya bahari, wakazikagua siku nzima. Zote mbili zililowesha. Zote mbili, ukisimama mbali, zilikuwa za buluu. Mtaalamu mmoja kijana akaonja, akathubutu kusema kuwa moja ina chumvi.

"Hiyo ni tofauti ya malezi," alisema mwenyekiti, na undugu ukathibitishwa.

Hivyo Bwana Krizostomu akarithi ufuo wa Fumbweni, mikoko, nyasi za bahari na mwamba. Akatangaza kuwa atajenga hapo hoteli ya kumbukumbu, na kwamba mbele ya hoteli, mahali palepale marehemu alipokuwa akilala, atachimba bwawa la kuogelea, ili wageni wapate picha ya jinsi bahari ilivyokuwa.

Mize alijua siku mashoka yalipoanza. Mkoko haulii kama mti mwingine. Ni mti mzito, mwekundu ndani kama nyama, na shoka likiuingia hutoa sauti fupi, ya mtu aliyepigwa tumboni. Alikaa kitandani akahesabu kwa moyo, si miti bali yaliyokuwamo. Pale kwenye kona ndipo kaa wanapojificha wakijivua magamba. Pale ndipo samaki wadogo hukimbilia wakifukuzwa na wakubwa, wakajibana mizizini mpaka wakue. Pale ndipo upepo wa kusi unaposhikwa shati na kuambiwa, taratibu, humo ndani mna watu.

Kupitia ukuta alimwita Nunu. "Unasikia?"

"Nasikia." Nunu akausogelea ukuta. "Mize. Nilikuwa natania."

"Najua."

"Mbona hawakucheka?"

"Hawajui palipo na kichekesho, shoga. Kwao kila kitu ni taarifa."

Baada ya mashoka ikaja mashine, ikakwangua nyasi za bahari kama mtu anayekwangua ukoko sufuriani. Maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Waume wa Fumbweni, waliokuwa wakilala msikitini kwa kukosa mahali, walitupa nyavu wakavua matope. Walikwenda kulalamika kwa Bwana Anselimi, aliyekuwa amepandishwa cheo kwa kugundua kifo. Aliwapokea vizuri, akawaeleza kuwa samaki wa marehemu nao ni mirathi, na wakiendelea kuvua wataitwa wezi.

*

Siku ya kukabidhi mirathi ilipangwa na wanajimu wa Ikulu, ambao walitazama nyota zote na kusahau mwezi. Wakaiangushia kwenye bamvua kubwa kuliko zote za mwaka.

Asubuhi ile maji yalikuwa yamekwenda mbali kabisa. Wageni wakafurahi kuona marehemu anajiondokea mwenyewe. Viti vikapangwa chini, kwenye mchanga mtupu, pale ilipokuwa mikoko. Mheshimiwa Waziri akaanza hotuba, na hotuba zake zilikuwa na sifa moja: zilikuwa ndefu kuliko maji kupwa.

Alipofika kwenye utangulizi wa sehemu ya pili, viatu vya safu ya mbele vikaanza kuelea. Hakuna aliyesimama, kwani itifaki hairuhusu mtu kusimama kabla ya Mheshimiwa kukaa, na Mheshimiwa hawezi kukaa kabla ya kumaliza. Alipofika kwenye "marehemu hatarudi tena," wimbi likamnyang'anya kipaza sauti mkononi. Kilisikika kikiendelea kuguna chini ya maji kwa muda.

Zamani maji ya bamvua yalifika kwenye mikoko yakapungua nguvu, yakatandika tope lao na kurudi. Safari hii hayakumkuta wa kuyazuia. Yalipita katikati ya viti, yakapanda kijia, yakaingia mitaani mwa Fumbweni yakigonga mlango kwa mlango.

Sajini Malibiche aliyaona yanakuja. Alisimama, akafunga vishikizo, akashika bunduki kwa mikono miwili, kisha akashindwa kujua ailenge wapi. Maji yakamfika magotini.

"Mama Mize," alisema bila kugeuka, "mume wako amekuja."

"Mwambie avue viatu," alisema Mize, akiwa juu ya kitanda na wajukuu wawili mikononi. Alisema mzaha ule kwa kuwa watoto walikuwa wanamtazama usoni. Chini, chungu chake kilikuwa kinazunguka chumba polepole, kama mgeni anayeangalia nyumba ya kupanga.

Kisha ukasikika mshindo upande wa pili wa ukuta, na ukuta wenyewe ukalainika, ukainama, ukaingia majini kama mkate kwenye chai. Nyuma yake alisimama Nunu, juu ya kinu, kanga imemganda mwilini, mikono mitupu. Nyumba yake yote ilikuwa imekwenda. Alimtazama Mize, akafungua mdomo, na Mize akangoja neno la mzaha ambalo lingewaokoa wote wawili. Halikuja. Mize akamnyooshea mkono, akamvuta kitandani, akampa mtoto mmoja ampakate.

Hakufa mtu. Hiyo ni rehema, na serikali baadaye iliiandika miongoni mwa mafanikio yake. Lakini nyumba kumi na kitu ziliyeyuka siku ile, na kisima cha kijiji kikaonja chumvi.

*

Sasa serikali ilikuwa na tatizo. Marehemu alionekana na mashahidi wengi, baadhi yao mabalozi. Ikaundwa tume. Tume ikakaa Fumbweni juu ya kichuguu, mahali pekee palipokuwa pakavu, ikatoa maoni ya awali: bahari iliyoingia si ile iliyokufa. Hii ni bahari ya kigeni, iliyoingia nchini bila kibali. Kwa hiyo ifukuzwe, na mirathi ibaki kama ilivyogawiwa.

Kilichobaki ni mjane kuutambua mwili. Akaitwa Mize.

Kabla hajapanda kichuguu, Katibu mwembamba alimvuta pembeni. Alikuwa amevaa miwani ya kusomea. "Sikiliza, dada yangu. Ukisema si yeye, wajane wote mtahamishiwa milimani, nyumba za matofali, maji ya bomba sikukuu zote. Ukisema ni yeye, basi wewe ndiye uliyetangaza kifo cha uongo, ukaliliza taifa zima. Hiyo ni jela. Nakueleza kwa wema."

"Nimekuelewa," alisema Mize. Na kweli, Katibu alikuwa mwanamke mwembamba tu aliyechoka, mwenye bosi.

Mize alisimama mbele ya tume. Kijiji kizima kilikuwa chini, kimelowa. Aliwaona mabinti zake. Aliuona ufuo mtupu, visiki vyekundu vikiwa vimetoa vichwa majini.

"Mama," alisema Mheshimiwa Waziri, aliyekuwa amevaa suti ya kuazima, "itazame kwa makini. Je, hiyo ndiyo bahari yako?"

Angependa mtu aseme badala yake. Alimtafuta Nunu kwa macho, lakini Nunu alikuwa ameziba mdomo wake mwenyewe kwa viganja viwili, akihofia neno lingine lisije likamtoka.

"Ndiyo," alisema Mize.

"Umeijuaje? Bahari zote hufanana."

"Mume hatumjui kwa sura, Mheshimiwa. Tunamjua kwa anavyoingia nyumbani. Huyu miaka yote aliingia kwa adabu, kwa sababu mlangoni palikuwa na mikoko ya kumkaribisha. Mmeivunja. Ameingia kwa ghadhabu, lakini ni yeye. Hajafa. Hakuwahi kufa. Nilisema neno la kwetu, mkalichukua kwa la kwenu. Kama nina kosa, ni hilo, nifungeni. Ila msiwahamishe hawa. Huko juu watakula nini?"

Hata tume ilisahau kuguna. Mize aliiweka mikono yake mbele, viganja juu, tayari kwa pingu, na Sajini Malibiche akaanza kutazama kwa bidii kubwa kwato za mbuzi aliyepita mbali.

Waziri akanong'ona na Katibu. Katibu akabadilisha miwani. Wakanong'ona tena, na taratibu, kama jua linalochomoza kwenye paa la benki, uso wa Mheshimiwa ukang'aa.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Mmesikia kwa masikio yenu. Bahari ilikufa, kifo kilisajiliwa. Leo mjane wake anathibitisha kuwa iko hai. Sasa nawauliza, aliyekufa akawa hai tunamwitaje? Serikali yenu, chini ya uongozi thabiti, imeifufua bahari!"

Makofi yakalipuka. Wakati huu hakuna aliyekumbuka kuguna. Eda ikafutwa palepale, mirathi ikatenguka, na Bwana Krizostomu akapewa fidia pamoja na nishani ya uvumilivu. Bwana Anselimi akapandishwa cheo tena, kwa kuwa bila kugundua kifo kusingekuwa na ufufuo.

Wanawake wakakumbatiana. Mize aliteremsha mikono yake ambayo hakuna aliyeitaka. Alingoja kelele zipungue, akauliza, "Na mikoko, Mheshimiwa?"

"Mikoko gani?"

"Iliyokatwa. Tunaomba tuipande upya."

Katibu akafunua makabrasha. "Hapa pana taarifa ya kifo cha bahari tu," alisema. "Mikoko haikuripotiwa kufa. Kwa mujibu wa serikali, mikoko ya Fumbweni ipo, imesimama, ni minene, tena imeshatajwa kwenye ripoti tuliyopeleka nje. Kupanda miti mahali penye miti ni kuharibu msitu wa hifadhi. Faini na kifungo."

"Lakini unaviona visiki hivi."

Katibu alitazama kule kwenye visiki. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nimevaa miwani isiyo yenyewe, mama," alisema polepole, akafunga makabrasha.

*

Misafara ikaondoka. Fumbweni wakabaki na bahari yao iliyofufuka, chafu bado, na ufuo ulio wazi kama mdomo wa kibogoyo. Wanawake walishuka mwambani wakapata kidogo. Pweza wengi walikuwa wameyahama mashimo. Kila bamvua ilipokaribia, watu walipandisha vitanda juu ya matofali, wakaketi wakingoja.

Sajini Malibiche aliachwa nyuma kuulinda muujiza, na hasa kuulinda msitu wa hifadhi asije mtu akaupanda. Alipewa bango lenye maneno HIFADHI YA MIKOKO, USIPITE, akalisimika kwenye tope tupu, akakaa chini yake.

Kwenye hori, pale bahari inapoingia ndani ya nchi kavu, mbali, ambako mashine haikufika, ilibaki mikoko michache, na ulipofika msimu wake ikazaa. Matunda yake ni marefu, ya kijani, yamening'inia kama masharubu ya kambare. Mize aliyaokota, akajaza kikapu, na asubuhi moja, jua likiwa limeshapanda na kila mtu anaona kila kitu, akateremka hadi kwenye bango. Nunu alikuwa nyuma yake na kikapu cha pili. Nyuma ya Nunu walikuja wengine, wakiburuta miguu, bila wimbo, watu waliochoka wanaoanza kazi ambayo matunda yake watayaona wajukuu.

Mize akafika mbele ya Sajini. Akainama, akatoboa tope kwa kidole, akachomeka tunda la kwanza, akalikandamiza kama anayemfunika mtoto shuka. Kisha akanyanyua uso.

"Sajini," alisema, "unatuona?"

Sajini Malibiche aliutazama ufuo mtupu, akautazama kuanzia kushoto hadi kulia. Alilitazama bango lililokuwa juu ya kichwa chake, akalisoma tena, neno kwa neno. Akakunja suruali mpaka magotini.

"Nitawaonaje, mama yangu," alisema, akinyoosha mkono kwenye kikapu, "na mikoko hii ilivyosongamana?"